Fisi Maji wa Bwawa la Pampu

Kituo cha pampu, bwawani
9 Februari

Kwako Kaka,

Pokea salamu wewe kwanza, halafu wifi yangu, halafu Mama. Kwa Mama uiname umsalimie kwa sauti, maana akisema "nimesikia" ujue hajasikia. Mimi mzima. Kikohozi kimenitoka tangu niache kuvuta harufu ya wino.

Chumba nilichopangishwa kilikuwa cha mafundi wa zamu. Kina kitanda cha chuma, meza yenye makovu ya spana, na dirisha linalotazama maji. Mwenye funguo ni mama mjane anayeendesha pampu ya maji ya mji. Watu wanamwita Bi Pampu, naye anaitika. Asubuhi ukungu unalala juu ya bwawa mpaka matete yanaonekana hayana mizizi, kama yameshushwa kwa uzi. Pampu inanguruma chini ya sakafu, mtu unajiona umelala kifuani mwa mnyama mkubwa mpole.

Najua hukuridhika nilivyoondoka. Uliniuliza sababu nikakujibu "nimechoka", ukasema kila mtu amechoka. Basi nikueleze vizuri. Miaka ishirini na miwili nimekuwa mchoraji wa kiwanda chetu cha uchapaji. Chui wa karatasi ya sabuni ni wangu. Simba wa kiberiti, swala wa majani ya chai, kasuku wa daftari za shule, wote wametoka mkononi mwangu, na hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona akipumua. Niliwatoa kwenye picha. Juzi mchana nilisinzia nikaota wamekuja hapa kunywa maji, mstari mmoja, hawasukumani. Chui akageuka. Upande wake wa pili ulikuwa karatasi nyeupe. Sijawahi kuuchora, Kaka. Siku zote nimemchora akitazama kulia, kwa sababu sabuni inafunguliwa kushoto.

Nataka kumchora mnyama mmoja mwenye pande zote mbili. Ni hilo tu.

Rafu ya wino nimeiacha kama ilivyo. Mwambie wifi asiihangaikie, hata ikiwa na vumbi.

Mdogo wako,
Kijiti


Kiwandani
2 Machi

Kijiti,

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua wakati wa baridi, ila ulimi hausumbuki. Kila akikaa mezani anauliza, "Mwenzenu bado anahesabu ndege?" Wifi yako anakusalimu.

Nimeisoma ndoto yako mara mbili, na mara zote mbili sikuona kosa la yule chui. Amelisha nyumba hii. Watu hawanunui sabuni ili waone mgongo wa mnyama.

Sasa tuseme la kazi. Watu wa sabuni wanataka karatasi mpya: chui yule yule, safari hii na mtoto wake miguuni. Nichoree, uniletee kwa posta. Karatasi za zamani nazo wameagiza elfu arobaini, tunaanza wiki ijayo. Wino nitachanganya mwenyewe. Huku kila kitu kinakwenda vizuri, usije ukadhani kiwanda kimesimama kwa sababu yako.

Wifi yako aliona nina huzuni akaamua kunifurahisha. Amesafisha ile rafu yote, amefuta makopo moja moja na kuyapanga kwa ukubwa. Inang'aa kama kabati la bibi harusi.

Kaka yako


Bwawani
11 Machi

Kaka mpenzi,

Salamu kwa wote. Mweleze Mama kwamba ndege nimefika mia mbili na sita, kisha wakaruka, nikaanza upya.

Kabla sijasahau, lile la rafu. Mpongeze wifi. Ila yale makopo tuliyomiminia wino hayana karatasi za majina, nami ni msahaulifu, basi zamani nilijiwekea alama chini ya kila kopo kwa ncha ya msumari. Mkwaruzo mmoja ni nyekundu, miwili ni kijani, mitatu kahawia, duara ni njano. Zilikuwa za kunikumbusha mimi tu. Nakuandikia kwa kuwa mazungumzo yamefika hapo. Rangi ya chui ni kopo la duara vijiko kumi, na mkwaruzo mmoja vijiko viwili.

Chui na mtoto sitawachora. Nisamehe. Nimejaribu, mkono ukaenda wenyewe njia yake ya zamani, nikaona haya.

Hapa kuna fisi maji. Najua utacheka, fisi wa nchi kavu tu hatujamaliza kumsema. Huyu anafanana zaidi na paka aliyemezwa na samaki: kichwa bapa, mkia mnene, mwili unaomiminika. Bi Pampu anasema wako kwenye matete ya upande wa pili, anawasikia wakitafuna kaa. Mimi wiki tano naona mapovu tu. Povu, povu, povu, halafu maji yanafunga mlango. Nakaa pale na daftari mpaka nasahau kama naota au naangalia.

Andika upesi.

Kijiti


Kiwandani
4 Aprili

Kijiti,

Sitasalimu sana. Tumepata balaa.

Karatasi elfu arobaini zimetoka zimeharibika. Watu wa sabuni walifungua bunda la kwanza mbele yangu. Mkubwa wao akaishika moja, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Huyu ni chui au ni chura?" Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Karatasi ilikuwa na unyevu. Na huyu muuza wino wa sasa si mwaminifu. Fundi wa mashine anadai aliona tangu karatasi ya kwanza. Nikamuuliza mbona hukusema? Akajibu, "Nilikuletea sampuli mkononi, Mzee. Ukaitazama ukasema safi, endelea."

Barua yako ilifika siku tatu baada ya mashine kusimama. Umeiandika tarehe 11, na muhuri wa posta umegongwa wiki mbili baadaye. Ilikuwa imelala wapi?

Miaka ishirini na miwili hapajatoka karatasi ya namna hii. Umeondoka, hata miezi mitatu haijaisha, tumekuwa kichekesho. Sitaki kuuliza mengi. Nataka urudi. Mama ameacha kukuulizia, na wewe unajua Mama akinyamaza ni nini.

Kaka yako


Bwawani
15 Aprili

Kaka,

Nimelia, halafu nimeosha uso, halafu nimekaa kukuandikia.

Barua za hapa huchukuliwa na msoma mita anapopita, naye aliugua wiki mbili nzima. Ile niliyokuandikia ilikuwa mfukoni mwa koti lake, limetundikwa msumarini. Laiti ningetembea kwa miguu yangu hadi posta.

Karatasi haikuwa na unyevu, Kaka. Na muuza wino

Hapo juu nilikuwa nimeandika mistari miwili, nimeikata. Usijaribu kuisoma kwa nyuma.

Nami nina langu. Nilipeleka picha sita kwenye ukumbi wa sanaa mjini. Anayechagua picha ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Alizipanga sakafuni, akazizunguka polepole kama mtu anayetafuta pete. Kisha akasema, "Una mkono, dada yangu. Lakini wanyama wako wote wananitazama kama wanataka ninunue kitu." Nilitaka ardhi inimeze. Kwa sababu ni kweli. Hata korongo nimemchora amejiweka sawa, kifua mbele, manyoya yamechanwa. Amenipa hadi Agosti nimletee kingine.

Kurudi siwezi kukuambia ndiyo wala hapana. Njoo wewe. Njoo hata siku moja, ukae nami hapa ukingoni, tusiongee. Kuna mengi sisi wawili tumeyaweza kwa kutoongea.

Kijiti


Bwawani
6 Juni

Kaka yangu,

Natumaini umefika salama na basi halikukuchosha. Umeondoka jana na bado kiti chako kiko pale ukingoni. Bi Pampu amekataa nikiondoe.

Umekuja bila taarifa, na mfuko mkubwa mtupu. Niliuona. Najua ulikuwa wa kubebea vitu vyangu. Ndiyo maana sikukukaribisha ndani upesi, nikakupeleka moja kwa moja kwenye maji, nikikuogopa kama siku ile nilipovunja kioo cha saa ya Baba.

Nataka niandike yaliyotokea kama nilivyoyaona mimi. Tulikaa. Ukungu ulikuwa unaondoka kidogo kidogo. Ukasema, "Unatafuta nini hasa?"

"Fisi maji."

"Si wale pale?"

"Wapi?"

"Pale. Watatu. Mkubwa amelala chali, wadogo wawili wako ubavuni mwake. Kijiti, mbona wako wazi namna hiyo?"

Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Niliona kijani, na hudhurungi ya matete makavu, na kijani tena, rangi zimevurugana kama wino kwenye maji. Ukanishika kichwa kwa mikono miwili, ukakigeuza kama ulivyokuwa ukifanya nikiwa mdogo ukinionyesha ndege za abiria. Bado sikuona. Bi Pampu naye akaja, akakodoa, akasema, "Huyu kaka yako anatutania." Wewe ukaendelea tu, taratibu: mmoja anajikuna, mmoja ameinua kichwa, sasa wanaingia majini. Ndipo matete yakatikisika, migongo mitatu ikateleza mbele yetu kama mafuta.

Miezi minne nimekaa pale. Wewe hukumaliza hata kikombe cha chai.

Nilikugeukia. Ulikuwa unatabasamu, halafu ukaona ninavyokutazama, tabasamu likazima. Ukakunja mfuko wako, ukauweka kwapani, ukaomba njia ya kituo cha basi.

Kaka, umewaonaje? Niambie ulichokiona, si rangi, niambie giza liko wapi na mwanga uko wapi. Leo asubuhi nimechukua kitambaa nikafuta kijani chote kwenye turubai. Imebaki tupu kama maji kabla ya upepo.

Kijiti


Nyumbani
27 Juni

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani, si kiwandani. Mama hajambo. Goti limepoa. Wifi yako yuko jikoni, ameniacha peke yangu kwa sababu nimemwambia nina barua nzito.

Sioni tofauti ya nyekundu na kijani. Nimekaa na kalamu nusu saa kabla ya kuandika maneno hayo, nayo yametoshea kwenye mstari mmoja.

Nilijua darasa la tatu. Tuliambiwa tuchore bendera ya kubuni, kila mtu yake, na mimi nikachora jua, na shamba chini yake. Mwalimu akaiinua darasa zima lione. "Mwenzenu amelima shamba la damu!" Nikajifanya nilikusudia, nikacheka kuliko wote. Tangu siku ile nimekuwa hodari wa kucheka. Baba aliponirithisha kiwanda cha uchapaji, rangi nne na makopo thelathini, ilikuwa kama kumrithisha kiziwi ngoma. Ningekataa vipi? Nilikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Kisha wewe ukaanza kushika wino bila kuombwa. Kila nikisogelea rafu nakukuta umefika. Nilijiambia una kiherehere. Nilichagua kuamini hivyo.

Pale kwenye matete sikufanya ajabu yoyote. Kwangu kijani na hudhurungi ni kitu kimoja, basi havinichanganyi. Nikitazama matete naona mistari iliyosimama, yote sawasawa. Fisi maji hana mistari. Ni laini, ni mviringo, ni giza lililolowa, na mgongoni ana mwanga mwembamba kama ukingo wa kisu. Tumbo lake ni jeupe kuliko maji. Wadogo ni weusi kuliko mama yao. Ndivyo nilivyowaona. Sikujua kama wengine hawaoni. Maisha yangu yote nimekuwa wa mwisho kuona, Kijiti. Nilipokugeukia nikakuta unashangaa, niliogopa. Nikajua umejua.

Wifi yako nimemwambia. Akasema, "Kwa hiyo lile gauni langu la harusi ya dada yangu, uliposema linakaa vizuri na kilemba?" Nikamwambia nilikuwa nasema tu. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, safari hii kweli. Kumbe ana jicho kali. Sasa yeye ndiye anayechanganya wino, ameitilia rafu mlango na kufuli, hata mimi naomba ruhusa.

Watu wa sabuni nao niliwaendea nikawaambia ukweli. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa mkono, wakapeleka kazi kwingine. Inauma. Lakini nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo.

Swali moja. Ulijua tangu lini?

Kaka yako


Bwawani
10 Julai

Kaka,

Barua yako msoma mita ameileta akikimbia. Nilimpa onyo mwezi wa nne na bado analikumbuka.

Nilijua nikiwa na miaka tisa. Ulikuwa ukinichumia mapera nyuma ya nyumba, na kabla ya kuchuma ulikuwa unaliminya kila pera kwa kidole gumba, hata lililoiva mpaka limepasuka. Siku moja nikakuuliza, "Kwani huoni limeiva?" Ukateremka mtini, ukaniacha hapo, hukuongea nami mpaka siku ya pili. Nikajifunza kutouliza.

Nami nikuombe radhi. Siku zote nilidhani nakusitiri. Nilijiona dada mwema, anayemfunika kaka yake shuka bila kumwamsha. Lakini nilipokuwa nakusimamia rafuni, na mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nakulaumu kimoyomoyo kwamba umenifunga, na funguo nilikuwa nazo mwenyewe mfukoni. Tungesema neno moja tu, wewe ungeajiri mtu, mimi ningekuja bwawani nikiwa kijana. Sasa nimekuja na mvi. Sina uchungu. Nasema tu tusirudie.

Nimewachora. Barua yako niliibandika juu ya turubai, nikachora mstari kwa mstari ulivyosema. Sikutumia kijani hata tone. Nyeusi, nyeupe, na kijivu cha kila namna. Ukisimama mbele unaona matete na ukungu, hakuna kitu. Ukikaa kidogo, mwanga mwembamba unaanza kutembea mgongoni mwa kitu. Hawakutazami. Hawataki ununue chochote. Hawajui hata kama upo.

Nilipeleka picha tano, hii na nne za kijivu nilizoanza tangu ulipoondoka. Yule mama wa miwani ya kamba aliisogelea hii, akaikodolea, mpaka nikadhani haimpendezi. Kisha akarudi nyuma hatua moja na kuweka mkono mdomoni. "Wako watatu," akasema. Ndiyo hivyo. Maonyesho ni Septemba, chumba kizima changu.

Wanataka kijitabu cha picha zote, cha wageni kuchukua mlangoni. Wameniuliza nani akichape. Nimewaambia nina mtu, ila sijamuuliza.

Kijiti


Kiwandani
30 Agosti

Kijiti wangu,

Mama anakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe, sijamwomba. Ameninunia wiki nzima kwa kuwa nimemwambia ukumbi una ngazi. Amesema ngazi zimewekwa ili zipandwe, na kwamba siku hiyo atavaa viatu vyake vya mkanda. Wifi yako anakuja pia, na lile gauni.

Vijitabu vyako vimekamilika. Mia tano, vimefungwa maboksi matatu, fundi wa mashine atavileta Jumanne mwenyewe.

Nikueleze kidogo kazi ilivyokwenda. Wifi yako alifungua rafu, akakunja mikono tayari kuchanganya. Nikamwambia, "Hii niachie." Akanitazama. "Una hakika?" Nikamwambia kazi hii ni kijivu mwanzo mwisho. Akaweka kisu cha wino mezani, akavuta kiti akakaa mlangoni, si kunilinda, kutazama tu.

Nilichanganya kijivu cha namna saba. Cha kwanza cha ukungu, kinakaribia kutokuwepo. Cha pili cha maji. Vya katikati vya matete, na hapo nilikaa siku mbili, natia tone, natoa karatasi, naipeleka dirishani, narudi. Cha mwisho ni cha mgongo uliolowa. Fundi wa mashine alinishikia sampuli kwenye mwanga kama alivyozoea, akaniuliza, "Safi, Mzee?" Nikamwambia bado. Akaleta nyingine. Bado. Karatasi ya kumi na tisa nikaitazama, nikawaona wote watatu wanapumua, nikamwambia, "Sasa washa." Mashine ikaenda tangu asubuhi hadi saa kumi. Nilisimama kando yake muda wote. Kiwanda hiki nina miaka thelathini, na sauti ile nimeisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, inanguruma taratibu kama kitu kinacholala vizuri.

Ukivipokea, vifungue kimoja kimoja na uvikague bila kunionea huruma. Kasoro yoyote utakayoikuta humo, hata ya nukta, usiitafutie unyevu wala muuza wino. Ni yangu.

Kaka yako